Kusoma Kitako cha Ganda la Risasi: Mwongozo Kamili kwa Mkusanyaji wa Uganda

Mkulima anayefungua shamba jipya kandokando ya barabara itokayo Masaka kwenda Mutukula huenda akapiga jembe likagonga kipande cha shaba kilichopauka, chenye urefu wa kidole na tundu upande mmoja. Mara nyingi kipande hicho humfikia mnunuzi wa vyuma chakavu kabla ya jua kutua, naye hukitia kwenye gunia pamoja na masufuria mabovu. Kinachopotea hapo ni zaidi ya uzito wa shaba, kwa sababu kwenye kitako cha kipande hicho kulikuwa na herufi na tarakimu zilizopigwa muhuri kiwandani, pengine Birmingham, Magdeburg au Tula, na herufi hizo zingeweza kutusaidia kujua ni jeshi gani lilipita shambani hapo. Nimekusanya maganda haya kwa miaka mingi, na jambo ninalotaka lieleweke tangu mwanzo ni kwamba muhuri hueleza mahali na wakati ganda lilipotengenezwa, basi. Yaliyobaki yanaelezwa na udongo lilipookotwa. Ganda lililotenganishwa na habari za mahali lilipotoka limepoteza nusu ya thamani yake, hata likiwa limeng'aa namna gani.

Katika mwongozo huu neno risasi lina maana ya kitu kizima, yaani ganda, fataki, baruti na kichwa. Ganda ni kikopo cha shaba au chuma kinachobaki baada ya risasi kufyatuliwa. Fataki ni kidonge cha duara kilichopachikwa katikati ya kitako, ambacho hugongwa na pini ya bunduki ili kuwasha baruti. Kichwa ni kile kinachoruka na kwenda kwa adui. Mkusanyaji hushughulika na ganda tupu peke yake.

Kabla ya kunyosha mkono

Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 inamtaka kila mwenye silaha au risasi hapa Uganda awe na kibali. Kwa hiyo risasi nzima, hata iwe ya mwaka 1915 na iwe imeshika kutu kiasi gani, haimfai mkusanyaji asiye na kibali. Hata kwa maganda matupu, nakushauri uende kituo cha polisi kilicho karibu nawe na daftari lako, uwaeleze unachofanya kabla hujaanza. Katika nchi iliyopitia vita vingi kama yetu, gunia la maganda chini ya kitanda huzua maswali yaliyo halali kabisa, na ni heri yajibiwe mapema.

Uhalali ni upande mmoja, usalama ni upande mwingine, na huu wa pili hauna msamaha. Watu wengi huamini kwamba fataki yenye kishimo cha pini ni ushahidi kuwa risasi imekwisha kufa. Imani hiyo ni ya hatari. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyokuwa imewaletea silaha askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki, ilishambuliwa karibu na Tanga ikazama kwenye maji ya kina kifupi. Shehena yake iliopolewa na wapiga mbizi, risasi zikafunguliwa na kuanikwa, lakini nyingi kati yake zilikataa kulia zilipotiwa katika bunduki. Risasi iliyokataa kulia huwa na kishimo kwenye fataki, na bado ina baruti ndani. Basi kanuni ni hii: ganda ni tupu pale tu ambapo fataki ina kishimo na wakati huohuo mdomo uko wazi, nawe unaweza kumulika tochi ukaona sakafu ya ndani. Lenye mdomo wazi lakini fataki isiyoguswa bado lina kiwashio hai. Lenye kichwa mahali pake liache ulipoliona.

Vilevile acha kitu chochote kinachozidi unene wa dole gumba la mtu mzima, kwa kuwa kuanzia kipenyo cha milimita 20 vichwa huweza kubeba mlipuko wa ndani. Usikikate, usikitoboe, usikipashe moto, usikibebe kwenye bodaboda ukakionyeshe kwa fundi. Weka alama mahali hapo kwa matawi au kitambaa, ondoka ukiwazuia watoto wasisogee, kisha piga 999 au 112. Mwaka 2012 Uganda ilitangazwa kuwa imemaliza kuondoa mabomu ya kutegwa ardhini yaliyojulikana, lakini tangazo hilo halikuhusu kila kilichoangushwa na kila askari katika kila kichaka.

Andika kabla ya kuokota

Ukiwa umehakikisha kwamba ganda ni tupu, usilinyanyue kwanza. Lipige picha likiwa ardhini, ukiweka kando yake sarafu au rula. Andika jina la kijiji na la mwenye shamba aliyekuruhusu, tarehe, kina cha udongo kwa sentimita, na ulichokiona karibu. Maganda kumi yaliyolala pamoja mahali pamoja huonyesha kwamba askari alilala au alisimama hapo akipiga. Ganda moja moja lililotawanyika njiani lina maelezo mengine. Waulize wazee wa kijiji. Mzee atakayekwambia kwamba mahali hapo ndipo walipopita Bakomboozi, kama Waganda walivyowaita Watanzania na wenzao wa mwaka 1979, amekupa habari ambayo hakuna muhuri utakaokupa. Namba ya kitu iandike juu ya bahasha, kamwe usiikwaruze kwenye ganda lenyewe.

Kusafisha bila kufuta

Ganda langu la kwanza la .303, yaani risasi ya bunduki za Waingereza, nililisugua kwa limau na majivu mpaka likameta kama bangili. Nililipenda kwa wiki moja. Baadaye nilifahamu kwamba kuzunguka fataki palikuwa na pete nyembamba ya rangi iliyoeleza aina ya risasi, nami nilikuwa nimeiondoa kwa mikono yangu, wala hapakuwa tena na njia ya kuijua. Tangu siku hiyo natumia maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, kisha nalikausha ganda kivulini. Udongo ulioshika ndani ya herufi utoe kwa kijiti cha mwanzi kilicholoweshwa. Ganda la chuma lipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya cherehani, na lisiachwe kwenye maji hata kwa usiku mmoja.

Muhuri uliofifia unasomeka kwa ubavu. Ingia chumba chenye giza, shika tochi karibu sawasawa na uso wa kitako ili mwanga upite juu yake kama jua la alfajiri linavyopita juu ya matuta, ndipo vivuli vitakapochora herufi. Njia ya pili ni kuweka karatasi nyembamba juu ya kitako na kuipaka penseli kwa upole. Picha itakayotoka ibandike kwenye daftari.

Pima kwanza, soma baadaye

Kosa la wanaoanza ni kukimbilia herufi kabla ya vipimo. Herufi moja ina maana tofauti kwenye maganda tofauti, kwa hiyo lazima ujue kwanza umeshika kaliba gani, yaani risasi ya ukubwa gani. Tafuta vernia kalipa, yaani kipimio cha unene na urefu, hata ile ya plastiki wanayotumia wanafunzi wa fizikia, upime urefu wa ganda kuanzia kitako hadi mdomo, na kipenyo cha kitako. Halafu angalia kama ukingo wa kitako umetokeza nje kuliko mwili wa ganda, au kama umekaa sawa na mwili na kutenganishwa nao kwa mfereji.

Ganda la .303 la Kiingereza lina urefu wa milimita 56 hivi na ukingo uliotokeza wenye kipenyo cha karibu milimita 13.7. Hili ndilo ganda la askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ambao kikosi chao cha 4 kilikuwa cha Uganda. Ukikuta ukingo uliotokeza lakini kipenyo kinakaribia 14.4 na urefu ni kama 54, hiyo ni 7.62 × 54 ya Kirusi, inayotumika mpaka leo kwenye bombomu, na wengi huichanganya na .303. Ganda la Mauser la Kijerumani lina urefu wa milimita 57, halina ukingo uliotokeza, na kitako chake ni kama milimita 12. Lenye kitako cha kipenyo hichohicho lakini urefu wa 51 ni 7.62 ya NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, iliyokubaliwa mwaka 1954. Lile fupi la AK na SKS, bunduki za Kirusi, lina urefu wa karibu milimita 39 na kitako cha milimita 11.3, na mwili wake umechongoka wazi kuelekea mdomoni; hilo ndilo linalopatikana kwa wingi kuliko yote hapa kwetu.

Kuna pia makubwa ya kale. Bunduki za Snider ya .577 na Martini-Henry, ambayo ganda lake lina umbo la chupa, ni za siku za ngome: Kapteni Lugard alipojenga yake juu ya kilima cha Old Kampala mwaka 1890, na katika vita vya Mengo vya Januari 1892. Wasudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Ekwatoria, walibeba bunduki za Remington za Misri. Askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani upande wa pili wa mpaka, waliingia vita vya 1914 wengi wao wakiwa na Mauser ya mwaka 1871, yenye kaliba ya milimita 11 na baruti nyeusi ambayo moshi wake uliwafichua kila walipopiga. Maganda haya ni adimu, na ukibahatika kupata hata moja nakusihi ufikirie makumbusho kabla ya kufikiria kabati lako.

Baada ya vipimo, gusisha sumaku. Ikishika, ganda ni la chuma hata kama limepakwa shaba juu, na mara moja umeyaweka kando maganda ya .303 ya Kiingereza, ambayo ni ya shaba. Kisha mulika ndani: matundu mawili madogo sakafuni ni desturi ya Waingereza, Warusi na Wachina, tundu moja katikati ni desturi ya Wamarekani.

Kusoma muhuri wenyewe

Geuza ganda mpaka herufi zisomeke wima, kisha andika kila alama na mahali pake ukitumia maneno juu, chini, kulia na kushoto. Vitabu vya kigeni hutumia uso wa saa, lakini sisi tunaohesabu saa za Kiswahili tukiandika “saa kumi na mbili” mmoja atafikiri juu na mwingine atafikiri chini, na nimewahi kupokea orodha nzima iliyoharibika kwa sababu hiyo.

Muhuri wa Kiingereza wa .303 kwa kawaida una mambo matatu: kiwanda, mwaka wenye tarakimu mbili, na namba ya toleo kwa tarakimu za Kirumi. “K 17 VII” ni Kynoch wa Birmingham, mwaka 1917, toleo la saba, ambalo lilikubaliwa mwaka 1910. VII hapo si mwezi wa saba, ingawa kila anayeanza husema hivyo. R na L zilizotenganishwa na mshale ni maabara ya kifalme ya Woolwich. Mshale huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. RG ni Radway Green, MF ni Footscray ya Australia, DAC ni Kanada, na K na F zenye mshale katikati ni Kirkee ya India. Z baada ya namba ya toleo huonyesha kwamba baruti ilikuwa ya nitroselulosi badala ya kordaiti, baruti ya Kiingereza ya nyuzinyuzi. Herufi nyingine hutaja kazi ya kichwa: G ni ya kuacha mwale wa moto ili mpigaji aone inakoelekea, W ni ya kutoboa vyuma, na B ni ya kuwasha moto. Maganda ya miaka ya mwanzo kabisa ya .303 hayana mwaka, hapo utategemea namba ya toleo tu.

Muhuri wa Mauser wa Vita Kuu ya Kwanza umegawanywa sehemu nne: kiwanda, mwezi, mwaka, na maandishi S67, ambayo tarakimu zake ni asilimia ya shaba nyekundu katika mchanganyiko. P ni Polte wa Magdeburg. Hapa kweli kuna mwezi, tofauti na kwa Waingereza. Kabla ya Vita vya Pili Wajerumani walianza kuficha majina ya viwanda. Kwanza waliandika P na namba, kwa mfano P131 ya kiwanda cha DWM cha Berlin, kisha herufi tatu ndogo, kama “aux”, ambayo ni Polte yuleyule. S yenye nyota ni shaba, St ni chuma.

Warusi na Wachina hawasemi mengi. Juu huwa namba ya kiwanda, chini mwaka. Kwa Umoja wa Kisovieti 17 ni Barnaul, 539 ni Tula, 3 ni Ulyanovsk, 60 ni Frunze, 188 ni Novosibirsk na 270 ni Lugansk. Kuanzia 1952 hadi 1956 Wasovieti waliandika mwaka kwa herufi: Г kwa 1952, Д kwa 1953, Е kwa 1954, И kwa 1955 na К kwa 1956. Tazama mtego uliopo hapo: K kwenye ganda fupi la chuma ni mwaka, na K kwenye shaba ya .303 ni kiwanda cha Birmingham. Ndiyo maana nimesisitiza kupima kwanza. Kwa Wachina utakuta 31 au 61 juu na mwaka chini, na kwa kuwa 61 ingeweza pia kuwa mwaka, ukiligeuza ganda kichwa chini utasoma uongo mtupu. Tafuta kwanza alama inayokuhakikishia upande wa juu, au linganisha na maganda mengine ya mahali hapohapo.

Herufi tatu ndogo “bxn” zimewadanganya wengi wakidhani wamepata ganda la Kijerumani la Hitler. Kiwanda hicho kiko Vlašim, na Chekoslovakia iliendelea kuutumia muhuri huo baada ya vita. Ukiiona kwenye ganda la milimita 39, kaliba ambayo Wajerumani wa Hitler hawakuwa nayo, shauri limekwisha.

Duara lenye msalaba ndani ni alama ya NATO. Kando yake tafuta RG, FN ya Herstal huko Ubelgiji, LC ya Lake City huko Marekani, au TZ ya Israeli. Israeli ilikuwa na wakufunzi wa kijeshi hapa mpaka ilipofukuzwa mwaka 1972, lakini usikimbilie kusema kila TZ ni ya siku hizo, angalia mwaka.

Sanduku la mzee aliyekuwa Keya huweza kuwa na maganda yasiyotoka Uganda. Walipigana na Waitaliano Ethiopia mwaka 1941, na SMI na BPD ni mihuri ya Kiitaliano. Walikwenda Burma mwaka 1944, na risasi za bunduki za jeshi la nchi kavu la Japani kwa kawaida hazikuwa na muhuri wowote. Kwa hiyo kitako kitupu kisikufanye ulitupe ganda. Utupu wenyewe ni dalili.

Rangi

Kwenye .303 pete ya rangi huzunguka fataki: zambarau ni risasi ya kawaida, nyekundu ni ya mwale, kijani ni ya kutoboa vyuma, buluu ni ya kuwasha moto, njano ni ya kupimia nguvu ya bunduki. Tafuta mabaki yake kwa kioo cha kukuza kwenye ufa kati ya fataki na shaba, ambako udongo haukufika. Warusi na Wamarekani hupaka rangi kwenye ncha ya kichwa, nayo haibaki kwenye ganda tupu. Naitaja kwa ajili ya usalama tu, kwa maana ukiona ncha yenye rangi umekwisha kuona kichwa, na ulichotakiwa kufanya nimekieleza juu.

Kupima ushahidi wako

Mwaka wa muhuri hukueleza kwamba risasi haikuweza kupigwa kabla ya hapo. Haukuelezi ilipigwa lini. Tuseme umepata “K 17 VII” karibu na Kagera. Mapigano ya mpaka huo yalianza 1914, na Waingereza walishambulia Bukoba Juni 1915, kwa hiyo ganda hilo haliwezi kuwa la siku hizo hata kama mwenye shamba anaapa. Linaweza kuwa la mazoezi ya baadaye, au la mwindaji, au la polisi, maana bunduki za .303 ziliendelea kubebwa na polisi na walinzi miaka mingi baada ya uhuru wa 1962. Vivyo hivyo ganda la Kichina la 1967 lililookotwa Lukaya linaweza kuwa la mapigano ya Machi 1979, lakini risasi hukaa ghalani miaka kumi na zaidi, na barabara hiyo imepitwa na majeshi mengine baada ya hapo. Andika kwenye kadi maneno mawili tofauti: “nilichokiona” na “ninachodhani”. Usiyachanganye katika mstari mmoja.

Kadi yangu ina namba, kaliba na vipimo, metali, idadi ya matundu ya ndani, muhuri neno kwa neno na mahali pa kila alama, rangi, mahali na kina, jina la aliyeniruhusu, na maneno ya wazee kama walivyoyasema, kwa lugha waliyoisema. Ganda lenyewe hukaa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na mpira na mbali na mbao mbichi, kwa sababu hewa yao hula shaba. Yale ya chuma nayaweka sanduku lake, pamoja na mchele mkavu ndani ya kitambaa wakati wa masika, na kila baada ya miezi mitatu naufungua mchele huo na kuuanika juani upya. Yaliyo adimu, hasa ya Snider na ya Mauser ya 1871, yapelekwe pamoja na kadi zake kwenye Makumbusho ya Uganda, Kitante, ukiwa umepiga simu kabla ya kwenda na umeeleza kwamba unacholeta ni maganda matupu.